Mashua ndogo ya makasia na tanga kwa bwawa la Mtera: jinsi ya kuchagua itakayohudumia chombo kikubwa

Chombo kikubwa hakifiki ufukweni Mtera. Kando ya bwawa maji ni ya kina kifupi na tope ni jingi, na pengine kuna visiki vya miti iliyofunikwa na maji tangu bwawa lijazwe. Kwa hiyo chombo hutia nanga mbali kidogo, na kila kitu hupelekwa kwa mashua ndogo: watu, mafuta, barafu, nyavu, maji ya kunywa, hata fundi aliyekuja kutazama injini. Mashua hii ndogo ndiyo inayofanya kazi kila siku, lakini watu huinunua haraka kuliko kitu kingine chochote, mara nyingi kwa kuipendea rangi au tanga.

Msimamo wetu ni huu: chagua mashua inayovutika vizuri kwa makasia ikiwa na mzigo, na nyepesi kiasi cha watu wawili kuibeba. Tanga liwe nyongeza. Mashua inayokwenda vizuri kwa tanga lakini ni ngumu kwa makasia itakuacha katikati ya maji siku upepo ukikata, au siku upepo ukikuvumia usoni huku chombo kikubwa kikiwa mita 400 mbele yako.

Bwawa lenyewe linataka nini

Mtera ni bwawa la umeme, limezuiwa kwenye Ruaha Mkuu na Kizigo, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Kwa hiyo maji yake hayakai mahali pamoja. Kiwango cha juu cha maji cha uendeshaji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na cha chini ni mita 690, tofauti ya mita 8.5 za wima. Sehemu kubwa ya kingo zake zimelala, si za mteremko mkali. Piga hesabu: ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 100, maji yakipungua mita 3 yatakuwa yamerudi nyuma mita 300. Mashua uliyoifunga kwenye mti mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja itakuwa juu ya ardhi kavu, na wewe una tope la kuvuka. Ndiyo maana uzito tumeutaja mwanzoni kabisa.

Jambo la pili ni visiki. Vingine vimesimama nje ya maji vinaonekana. Vibaya zaidi ni vile vilivyo sentimita 20 chini ya uso wa maji. Mashua yenye kitu kisichokunjika chini yake itavunjika hapo.

La tatu ni upepo. Kiangazi Dodoma na bonde la Mtera hupigwa na upepo wa kusini-mashariki na mashariki, asubuhi ukiwa mpole na alasiri ukiwa na nguvu. Bwawa ni pana lakini si la kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamesimama, yanagonga omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, na kurusha maji ndani. Masika kuna kitu kingine: dhoruba ya radi hutanguliwa na upepo wa ghafla unaoweza kutoka upande usioutarajia. Ukiona wingu jeusi lina ukingo wa chini ulionyooka, nenda nchi kavu.

Na kuna mamba na viboko. Hili linabadilisha uchaguzi wa mashua kuliko watu wanavyofikiri. Mahali pengine duniani mashua ndogo ya mashindano ikipinduka, mtu huigeuza, hupanda, na kuendelea. Hapa usinunue mashua ambayo kupinduka ni sehemu ya mchezo wake. Taka pana, tulivu, ambayo mtu akiegemea ukingoni haiinami kwa ghafla.

Kwa Hombolo, bwawa dogo lililojengwa mwaka 1957 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, masharti ni mepesi zaidi na mashua ya mita 2.5 inatosha. Mengine yote yaliyo hapa chini yanafaa huko pia.

Ukubwa

Kwa Mtera tunashauri urefu wa mita 3.0 hadi 3.2, upana wa mita 1.35 hadi 1.45, na kina cha katikati, kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu, kisichopungua sentimita 45. Uzito wa mashua tupu usizidi kilo 55.

Idadi ya watu hupatikana kwa hesabu rahisi: zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha jibu kwa 0.7. Mashua ya mita 3.0 kwa 1.4 inatoa 2.94, yaani watu watatu. Ya mita 2.4 kwa 1.2 inatoa wawili. Hesabu hiyo ni ya maji yaliyotulia. Kila kilo 75 za mzigo zihesabu kama mtu mmoja. Madumu manne ya mafuta ya lita 20 yamekwishachukua nafasi ya abiria.

Mashua ya ukubwa huu huzama takriban sentimita 1 kwa kila kilo 23 zinazoongezwa, kwa hiyo kila mtu mzima anaishusha sentimita 3. Ikiwa imebeba kila kitu, ukingo wa juu ubaki angalau sentimita 25 juu ya maji, na siku ya upepo 30. Pima kwa rula kweli, ikiwa majini na mzigo ndani. Macho hudanganya hapa, kwa sababu mtu aliyeketi ndani huona ukingo uko juu kuliko ulivyo.

Kwa nini si fupi zaidi, ili iwe nyepesi? Mashua ya mita 2.1 au 2.4 ikibeba mpiga makasia katikati na abiria mmoja nyuma, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama na omo inaelekea mbinguni. Ubao wa tezi unaanza kuburuta maji, unasikia mchuruziko wa gharika nyuma yako, na nguvu yote ya mikono inaishia kwenye mchuruziko huo. Ikiwa lazima iwe fupi, hakikisha ina mahali pawili pa kupigia makasia: pa katikati kwa mtu akiwa peke yake, na pa mbele kwa mtu akiwa na abiria nyuma. Hata ile ya mita 3 tunataka iwe na mahali hapo pawili.

Umbo la chini

Angalia mashua kutoka nyuma ikiwa imepinduliwa. Sakafu bapa kabisa ni tulivu mtu anapoingia na ni rahisi kuvuta topeni, lakini inapigwapiga na mawimbi mafupi. Sakafu yenye mwinuko kidogo kuelekea mkukuni (uti wa chini wa mashua), bapa katikati na kali zaidi omoni, ndiyo tunayoipenda kwa Mtera. Ya mviringo kama nusu ya dumu huteleza vizuri lakini huyumba, iache.

Sasa tazama vitu viwili. Cha kwanza, ubao wa tezi: mashua ikiwa na watu wake wa kawaida, ukingo wa chini wa ubao huo uwe juu ya maji au uguse tu. Cha pili, pezi la mkuku, kipande cha mbao kinachosimama chini ya tezi, urefu wa sentimita 60 hadi 80 na kina cha sentimita 8 hadi 10. Bila pezi hilo mashua haishiki njia. Unapiga kasia mara tatu kulia ili kurekebisha moja la kushoto. Fundi anaweza kuliongeza kwa nusu siku, kwa hiyo kukosekana kwake si sababu ya kukataa mashua nzuri, ni sababu ya kupunguza bei.

Chini ya sakafu kuwe na mbao mbili za kuburutia, moja kila upande wa mkuku, za mninga au mti mwingine mgumu, unene wa sentimita 2, zimefungwa kwa skrubu ili zikichakaa zibadilishwe. Hizo ndizo zitakazokula mawe na changarawe badala ya mashua yenyewe.

Imetengenezwa kwa nini

Ya mbao zilizounganishwa, yenye mataruma (mbavu za mashua) na kalafati (pamba ya kuzibia viungo), kama wanavyojenga pwani na kwenye maziwa, ni imara na kila fundi anaijua. Tatizo lake ni hewa ya Dodoma. Kiangazi hewa yetu ni kavu sana. Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu wiki tatu, mbao zinasinyaa na viungo vinafunguka hadi unaona mwanga. Mnunuzi huishusha majini, inajaa, anadhani ameuziwa mbovu. Pengine si mbovu. Izamishe ukingoni kwa mawe siku moja hadi mbili, mbao zivimbe, halafu ndipo uhukumu. Usiongeze kalafati kwenye viungo vilivyofunguka kwa ukavu: pamba utakayoishindilia hapo, mbao zikivimba zitakuwa hazina pa kwenda, nazo hung'oa misumari kutoka kwenye mataruma. Zaidi ya hayo, mashua ya namna hii ya mita 3 hufika kilo 90 hadi 120. Kwa kazi ya kubebwa juu ya tope, ni nzito mno.

Ya plaiwudi na epoksi (gundi ya kioevu inayoganda ikawa ngumu) ndiyo chaguo letu la kwanza. Njia ya kushona vipande vya plaiwudi kwa waya na kuziba viungo kwa gundi na utepe wa faibaglasi ilienea duniani kupitia mashua ya Mirror ya Uingereza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yenye urefu wa mita 3.3 na uzito wa kilo 45 hivi. Mashua ya namna hiyo haina viungo vya kufunguka kwa ukavu. Kwa mita 3 unahitaji plaiwudi nne hadi tano za milimita 6, na fundi seremala mzuri wa Dodoma anaweza kuijenga akiwa na michoro, hata kama hajawahi kujenga mashua.

Kila kitu hapa hutegemea plaiwudi. Plaiwudi ya kawaida ya dari itaachana ndani ya msimu mmoja. Kabla ya kununua, omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Kitazame ukingoni: tabaka ziwe tano kwa milimita 6, zisiwe na nafasi nyeusi katikati yake, kila nafasi kama hiyo ni mfereji wa maji. Kisha kichemshe kwenye sufuria saa moja, kianike juani hadi kikauke, kichemshe tena saa moja. Kikikauka mara ya pili, jaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Gundi nzuri itang'ang'ania hadi mti wenyewe uchanike nyuzi; gundi mbaya itaachia kama ganda la kitunguu. Kipande kikifunguka, usinunue hata shiti moja, haidhuru bei.

Epoksi nayo hailipendi jua. Ipakwe rangi juu, na rangi iwe nyeupe au ya krimu. Mashua yenye rangi nyeusi au buluu nzito, ikilala juani saa nane mchana, uso wake hupata moto hadi epoksi ya kawaida kulainika, na viungo vinaweza kujikunja.

Ya faibaglasi ni nzuri ukiipata ya mtumba iliyo nzima. Igonge kwa mpini wa bisibisi kila sentimita 10, tangu omo hadi tezi. Sauti kali na kavu ni njema. Ukifika mahali sauti inakuwa ya kufifia, kama kugonga mkate, tabaka zimeachana hapo au maji yameingia. Kisha ipime uzito. Mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa alizeti na mahindi inatosha: inua omo kwa mizani huku tezi ikigusa ardhi, andika, inua tezi huku omo ikigusa ardhi, andika, jumlisha. Mashua iliyouzwa kama ya kilo 60 na mizani ikasema 85, kilo 25 hizo huenda ni maji yaliyonyonywa ndani ya sakafu au tezi, na hayatoki kwa urahisi.

Ya mpira, ya kujaza upepo, watu huipenda kwa sababu inaingia kwenye buti la gari. Kwa mabwawa yetu tunaikataa. Kingo zimejaa miiba ya migunga, majini kuna visiki, na jua linakula gundi ya viungo. Kuna na hesabu ya joto: ukiijaza upepo asubuhi nyuzi 20 kwa shinikizo lake la kawaida, mchana ikiachwa juani hewa iliyo ndani ikafika nyuzi 50, shinikizo lile litakuwa limepanda kwa karibu nusu yake. Viungo huachia hapo. Na hata ikiwa mpya, haiendi kwa makasia dhidi ya upepo wa alasiri. Ni puto, upepo unaisukuma kuliko wewe unavyoivuta.

Makasia na vishwara

Hapa ndipo mashua nyingi nzuri huharibiwa. Makasia huja mafupi, kwa sababu muuzaji alitaka yaingie dukani.

Urefu wa kasia hupatikana hivi. Pima umbali kati ya kishwara (kitanzi kinachoshika kasia ukingoni) cha kulia na cha kushoto. Gawanya kwa 2, ongeza sentimita 5: huo ndio urefu wa sehemu inayobaki ndani ya mashua. Zidisha kwa 25, gawanya kwa 7: huo ndio urefu wa kasia zima. Kwa vishwara vilivyoachana sentimita 120, ndani ni 65 na kasia ni sentimita 232. Kwa 110, ndani ni 60 na kasia ni 214. Mipini hupishana sentimita 10 katikati, mkono mmoja ukipita juu ya mwingine. Siku ya kwanza utajigonga vidole, siku ya tatu hutajigonga tena. Makasia mafupi yanakulazimisha kupiga haraka haraka bila kufika, na marefu mno yanakugonga kifuani.

Mti wa kasia uwe mwepesi wenye nyuzi zilizonyooka. Msonobari wa Mufindi unafaa, ukichagua ubao usio na jicho hata moja. Mkaratusi una nguvu lakini ni mzito. Kasia moja lisizidi kilo 2.5. Bapa la kasia liwe na upana wa sentimita 12 hadi 14 na urefu wa sentimita 60, jembamba ukingoni. Pana zaidi ya hapo linaonekana lina nguvu dukani, lakini katika upepo linakuwa tanga dogo linalokurudisha nyuma.

Mahali kasia linaposuguana na kishwara, livishe ngozi. Dodoma ngozi ya ng'ombe si shida. Kata kipande cha urefu wa sentimita 28, kiloweke usiku mzima, kishone kwa uzi wa nailoni kikiwa kimelowa, mshono ukae upande usiosuguana. Kikikauka kitabana kuliko gundi yoyote. Kipake shahamu ya ng'ombe kila wiki. Bila shahamu kasia hulia na ngozi huliwa ndani ya mwezi.

Kishwara cha kamba kikizunguka kigingi cha mti mgumu kinatosha kabisa, na kikikatika unafunga kingine palepale. Vyuma vya makasia vya dukani ni vizuri pia, ila kila kimoja kifungwe kwa uzi kwenye mashua. Kikidondoka majini hukipati, na kuvuta kwa kasia moja kutakuzungusha pale pale.

Vipimo vya mahali pa kukaa ni vitatu na havina huruma:

Kigingi kiwe sentimita 30 hadi 33 kutoka ukingo wa kiti wa upande wa tezi.
Kishwara kiwe juu ya kiti kwa sentimita 18 hadi 22.
Kuwe na ubao wa kukanyagia miguu, unaosogezwa kwa warefu na wafupi.

Kishwara kikiwa chini ya hapo, mipini inagonga magoti kila wimbi likija na huwezi kuinua bapa kutoka majini. Ubao wa kukanyagia ukikosekana, unavuta kwa mikono tu, makalio yanateleza kitini, na baada ya dakika kumi mgongo umekwisha. Ubao huo ni kipande cha mbao cha shilingi chache. Mashua nyingi hazina.

Tanga

Kwa mashua ya mita 3, tanga la mita za mraba 4 linatosha. Lisiwe la pembetatu kama la ngalawa: foromali yake, yaani mti unaobeba tanga, hufika karibu mita 4, ndefu kuliko mashua, na ukiitua hakuna pa kuiweka abiria wakiwamo. Chagua tanga la pembe nne linaloning'inia kwenye foromali fupi ya mita 2.6, mlingoti wa mita 3.2 usio na kamba za kuushikilia pembeni, unaochomekwa tu kwenye tundu la kiti cha mbele na kusimama kwenye kiatu chake sakafuni. Kipenyo chake kwenye tundu kiwe sentimita 6 hadi 6.5. Vyote hivi vinalala ndani ya mashua au vinazidi kidogo tu, na unavitweka au kuvitua kwa dakika mbili.

Henza, kamba ya kutwekea tanga, ifungwe kwenye foromali kati ya theluthi moja na asilimia 40 kutoka ncha ya mbele. Ikiwa mbele mno, tanga halipandi vizuri. Ikiwa nyuma mno, mashua inakataa kwenda joshi, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka. Tanga likionyesha mkunjo mrefu wa mshazari kutoka juu kwenda chini, mara nyingi dawa ni kuvuta zaidi kamba ya pembe ya chini mbele, si kulikata upya.

Kitambaa: turubai la dukani linafaa kujifunzia, lakini jua linalimaliza msimu mmoja hadi miwili. Dakroni, kitambaa cha polyesta cha matanga, hudumu miaka, ikifunikwa isipotumika. Weka mstari mmoja wa vifungo vya kupunguzia tanga, sentimita 60 juu ya ukingo wa chini. Mawimbi yakianza kutoa povu jeupe huku na kule, tua tanga na ushike makasia. Kwa mashua hii na bwawa hili, huo ndio mpaka.

Ili isisukumwe upande, mashua ya tanga inahitaji ubao unaoingia majini. Ule unaotumbukizwa kwenye kisanduku katikati ya sakafu usiuchukue kwa Mtera. Ukigonga kisiki haukunjiki. Unapasua kisanduku, na kisanduku kikipasuka sakafu inavuja mahali pabaya kuliko pote. Taka ubao wa pembeni, unaoning'inia nje kwa boliti moja na kuinuka wenyewe ukigongwa. Ukubwa wa sehemu iliyo majini uwe asilimia 4 ya tanga: kwa mita 4 za mraba ni sentimita 28 kwa 57. Ubao wa urefu wa sentimita 90, unene wa milimita 20, unatosha. Usukani nao uwe wa kukunjika. Au acha usukani kabisa, chonga kijinafasi cha nusu duara juu ya ubao wa tezi na uongoze kwa kasia. Kwa safari za mita mia chache ni rahisi zaidi.

Ukitaka injini, ya nguvu ya farasi 2 hadi 3 inatosha. Tezi iwe na unene wa sentimita 3 hadi 4 na urefu wa sentimita 38 mahali inapofungwa, kwa injini ya mguu mfupi.

Ikijaa maji

Maji ya kina cha sentimita 10 sakafuni ni karibu kilo 200 zinazokimbia huku na huko. Jiulize kabla: ikijaa hadi ukingoni, itanibeba? Ya plaiwudi itaelea yenyewe, lakini haitabeba watu na injini. Ya faibaglasi bila hewa iliyofungiwa itazama. Dawa ya bei nafuu ni madumu matano au sita ya lita 20 yaliyofungwa vifuniko vyenye mpira, mawili omoni, yaliyobaki chini ya viti na tezini. Kila moja huinua karibu kilo 20. Yafungwe kwa mikanda ipitayo kwenye mbao za mashua, si kwa uzi. Dumu lililojaa hewa chini ya maji linavuta juu kwa nguvu ileile ya kilo 20 na litakata uzi. Yakague kila miezi mitatu, kwani jua hufanya plastiki ipasuke.

Upo wa kukumba maji, dumu la lita 5 lililokatwa mshazari, ufungwe kwa kamba. Kila mtu awe na jaketi okozi amelivaa, si amelikalia. Nanga ya kilo 3 hadi 4 na kamba ya mita 30. Kabla ya kubeba abiria kwa malipo, ulizia Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu ukaguzi na usajili.

Kuvutwa nyuma ya chombo kikubwa

Pete ya kuvutia iwe chini, omoni, sentimita 10 hadi 15 tu juu ya maji. Pete ikiwa juu ukingoni, kamba inavuta omo chini na mashua inachota maji. Boliti yake ipenye mti na iwe na washa pana ndani; skrubu itang'oka. Kamba iwe ile inayoelea, milimita 10, mita 10 hadi 12, ili isiingie kwenye panga la injini chombo kikirudi nyuma. Penye visiki ifupishe hadi mita 3, kwa sababu mashua inayovutwa hukata kona na kupita mahali ambapo chombo hakikupita. Makasia, mlingoti na injini vitolewe, mtu asiwemo.

Ukingo wa juu uzungushiwe mpira wa bomba la maji uliopasuliwa au kamba nene kuukuu, la sivyo rangi ya chombo kikubwa itakuwa imekwisha ndani ya mwezi.

Jaribio kabla ya kulipa

Nenda na watu wawili, mizani, futi na saa. Chagua saa tisa alasiri, upepo ukiwepo. Muuzaji atapendelea asubuhi.

Kwanza ibebeni wawili mita 50. Mkipumzika zaidi ya mara moja, ni nzito kwenu. Iingizeni majini, mtu mmoja asimame na kukanyaga sentimita 20 kutoka ukingoni: iinamie kidogo na kusimama, isiendelee kulala. Kisha vuteni makasia dhidi ya upepo mita 200, mkiwa wote watatu ndani, na mrudi. Acheni kuvuta katikati ya njia na mhesabu: mashua nzuri itaendelea kusogea mbele kwa muda wa pumzi mbili tatu hata upepo ukiwa usoni, mbovu itasimama palepale na kugeuza ubavu. Mwisho iacheni majini saa moja, watu wakiwa nje, kisha mtazame sakafu. Unyevu ukiwa kwenye kiungo kimoja, kiwekeeni alama ya chaki na mjadiliane bei. Ukiwa kila mahali kwenye ya plaiwudi, rudini nyumbani.

Kwa kuisafirisha, kirikuu (pikapu ndogo) kinatosha: sehemu yake ya mzigo ni karibu mita 2, kwa hiyo mita 1 itatokeza nyuma. Ilazeni kifudifudi juu ya magunia, omo mbele, kamba mbili za kuvuka na moja ya kutoka kwenye pete ya omo, na kitambaa chekundu tezini. Usikaze kamba juu ya ukingo bila kuweka gunia chini yake; kutoka Dodoma mjini hadi Mtera ni safari ya kutosha kwa kamba kuula ukingo hadi kwenye plaiwudi.